Pete ya tumbo: njaa ya mgonjwa si uvivu, na mizani isifanywe hakimu

Kati ya Wakongomani wa mashariki wanaoishi Ubelgiji na Ufaransa, wako wanaotembea na pete ndani ya tumbo. Wengi hawasemi. Wanaenda kwenye arusi, wanakaa mbele ya sahani, wanazungusha kijiko, na ndugu wakiuliza wanajibu kwamba leo tumbo linawasumbua. Sababu ya ukimya huo inajulikana. Waliwekewa pete ili wapungue, sasa miezi sita imepita, njaa ingali pale pale na kilo zilizotoka ni chache. Wakijaribu kueleza, wanarudishiwa swali moja: "Yaya, basi ile operesheni ilikuwa ya nini?"

Swali hilo linaumiza, tena limepotea njia. Linageuza njaa kuwa uvivu, na kupungua polepole kuwa kushindwa. Kwa mtu mwenye pete, njaa ya miezi ya kwanza ni jambo linalotazamiwa, na kupungua polepole ndio mwendo wa kawaida wa pete yenyewe. Mambo yakikwama, yanayopaswa kuulizwa kwanza ni haya: mgonjwa ameonwa na munganga mara ngapi, pete imekazwa kiasi gani, na nani alimfundisha kula upya.

Pete hiyo ni mkanda mdogo wa silikoni. Munganga mpasuaji anaufunga kuzunguka sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo, na juu yake kunabaki kijifuko cha kupokea vijiko vichache tu vya chakula. Mrija mwembamba unaunganisha pete na kidude kidogo kilichofichwa chini ya ngozi. Kupitia kidude hicho, kwa sindano, munganga anaongeza maji ya chumvi ili pete ikaze, au anayapunguza ili ilegee. Hakuna kinachokatwa, hakuna kinachotolewa.

Historia yake ina Mwafrika ndani, jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Mwaka 1986, huko Marekani, mpasuaji Lubomyr Kuzmak, mwenye asili ya Ukraine, alianza kutumia pete inayoweza kukazwa na kulegezwa. Mwezi wa tisa 1993, katika mji mdogo wa Huy, Ubelgiji, Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia, aliiweka kwa mara ya kwanza kupitia matundu madogo na kamera, bila kufungua tumbo lote. Toka hapo ikaenea Ulaya na Australia, na mwaka 2001 Marekani nayo ikaruhusu aina ya kwanza ya pete hiyo.

Kule kutokatwa kwa tumbo ndiko kunakoeleza njaa. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waligundua homoni iitwayo grelini, ambayo sehemu kubwa yake hutengenezwa na mfuko wa tumbo wenyewe, na ambayo kazi yake moja ni kuuambia ubongo kwamba wakati wa kula umefika. Katika operesheni ile nyingine ambayo sehemu kubwa ya tumbo hukatwa na kutolewa, kiwanda cha homoni hiyo hutolewa pamoja nayo, na wagonjwa wengi hushangaa kukaa miezi bila hamu. Mwenye pete anabaki na tumbo lake zima na grelini yake yote. Zaidi ya hapo, mwili unaopoteza mafuta kwa kula kidogo huwa unaongeza homoni hiyo, kwa sababu haujui kama mwenyewe anapungua kwa kupenda ama kwa ukame. Unajitetea. Mtu akilala usiku akisikia tumbo linaita, huo ni mwili unaofanya kazi yake ya siku zote.

Kuna pia suala la kalenda, ambalo ndilo linalovunja moyo wengi. Wiki za kwanza mgonjwa anakunywa supu na maziwa tu. Ndani kumevimba kidogo kwa sababu ya operesheni, basi anashiba upesi na kilo zinashuka. Anafurahi, anapiga simu Bukavu, anatuma picha. Kisha uvimbe unaisha. Pete wakati huo bado imelegea, kwa sababu kwa kawaida haikazwi mara ya kwanza mpaka wiki nne hadi sita zipite, ili mwili upone. Chakula kigumu kinarudi, na njaa inarudi pamoja nacho. Hata kukazwa kwa kwanza mara nyingi hakutoshi. Inatakiwa pili, tatu, wakati mwingine zaidi, ndani ya mwaka mzima, mpaka kipatikane kiasi ambacho mtu anakula chakula kidogo na kukaa masaa kadhaa bila kutafuta kingine. Kati ya sindano moja na nyingine mizani inaweza kusimama, hata kupanda kilo moja au mbili. Kipindi hicho kingepaswa kuelezwa kabla ya operesheni, kwa maneno ya wazi, katika lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Mara nyingi anayefasiri ni mtoto wake wa miaka kumi na tatu, ambaye Kifaransa chake ni kizuri lakini hajui Kiswahili cha "mfuko wa tumbo" ni nini.

Kuhusu kilo zenyewe, hesabu ifanywe kwa haki. Mfano ni mtu wa kilo 120 mwenye urefu wa mita 1 na sentimita 65. Kwa vipimo vya waganga, uzito wa juu usio wa ziada kwa urefu huo ni kama kilo 68, basi ziada yake ni kilo 52. Pete ikifanya kazi vizuri, kinachotazamiwa ni kuondoa karibu nusu ya ziada hiyo, si yote, tena kwa muda wa miaka miwili au mitatu. Hiyo ni kama kilo 26. Mtu huyo atafika kilo 94, na barabarani bado ataitwa mnene. Aliyekuwa akitazamia kurudi nyumbani Uvira akiwa na mwili wa miaka ishirini aliuziwa ndoto, ama aliiuza mwenyewe kwa nafsi yake. Wanaochagua pete huambiwa kwamba nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Wiki nyingi zitakuwa chini ya hapo.

Lakini kilo 94 si jambo dogo kwa aliyekuwa na 120. Kabla hata ya kufika huko, mtu anapopoteza sehemu moja kwa kumi ya uzito wake, yaani kilo 12 katika mfano huu, tansio na sukari huanza kushuka, magoti hupumzika, usingizi unarudi. Mwaka 2008 wataalamu wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 60 wenye ugonjwa wa sukari ulioanza karibuni na uzito wa ziada. Nusu walipewa matunzo ya kawaida, nusu wakawekewa pete pamoja na matunzo hayo. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umetulia kwa asilimia 73 ya wenye pete, na kwa asilimia 13 tu ya wengine. Hao wenye pete hawakuwa wembamba kama fimbo. Walikuwa wamepungua polepole, huku wakifuatiliwa karibu. Swali la ndugu, "umetoa kilo ngapi?", lingefaa kufuatwa na lingine: "na dawa za sukari, bado unameza ngapi?"

Sasa sahani. Hapa ndipo mashauri ya hospitali za Ulaya yanapoachana na maisha ya mtu wa Kivu. Mgonjwa anatoka kwa mtaalamu wa chakula na karatasi yenye jibini, yoghurt na samaki wa salmoni. Hakuna mahali palipoandikwa fufu. Anafika nyumbani, familia imepika fufu na sombe, na karatasi inawekwa juu ya friji.

Fufu ina tabia moja ambayo munganga wa Liège hawezi kuikisia asipoambiwa: donge lake humezwa, halitafunwi. Mtoto anafundishwa hivyo toka anapoanza kukaa mezani. Linafinyangwa, linachovywa kwenye mchuzi, linapita. Kwa mwenye pete, donge la namna hiyo linanasa pale juu, kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni, na mwisho wake ni kukimbilia choo. Mkate laini wa dukani na wali mkavu hufanya vilevile. Si kwamba fufu imekatazwa milele. Wapo wanaoiweza kwa vidonge vidogo kama punje ya haragi, kwa mchuzi mwingi, polepole. Lakini inatakiwa mtu aanze upya kujifunza kitendo alichokifanya miaka arobaini bila kufikiri.

Kuna pia mwendo wa kula. Wengi walikulia kwenye sahani moja ya watoto saba, ambako anayetafuna taratibu analala na njaa. Na mama wa nyumba alikula mwisho, amesimama, haraka, akimaliza kilichobaki kwenye sufuria. Pete inadai kinyume chake kabisa: kipande kidogo, kukitafuna mpaka kiwe uji, kuweka kijiko chini, kungoja, kisha kingine. Dakika ishirini kwa chakula cha sahani ndogo, na kusimama mara tu njaa inapoisha, kabla tumbo halijasema limejaa. Watu wanadhani nguvu ya pete ni kufunga njia, kama kizuizi cha barabarani. Sehemu kubwa ya kazi yake ni ile ya kubonyeza kidogo mishipa ya fahamu pale juu, ili ubongo upate habari ya shibe mapema. Anayekula haraka anaipita habari hiyo njiani.

Kwa bahati, chakula cha nyumbani kina mengi yanayofaa, ikiwa kuna mtu wa kusema. Sambaza wabichi wa ziwa Kivu, wakipikwa kwa mchuzi bila kukaangwa katika mafuta mengi, ni laini na wanashibisha kuliko soseji za Ulaya. Huko ughaibuni samaki wowote wadogo wa laini hufanya kazi hiyo. Maharagi yaliyoiva sana, yai, lenga-lenga iliyokatwa ndogo, sombe iliyotwangwa vizuri na isiyozama katika mafuta ya mawese, vyote vinapita. Kanuni ni kuanza na samaki, nyama laini au haragi, kisha mboga, na fufu iwe ya mwisho kama nafasi imebaki. Kwa mtu wa Kivu kuanza na mboga na kumaliza na fufu ni kama kuvaa viatu kabla ya soksi, lakini inawezekana.

Hatari kubwa iko kwenye vitu vinavyopita bila kuguswa. Pete haizuii maji. Uji wa masoso wenye sukari, chai ya maziwa, Fanta, juisi, bia, vyote vinateremka kama vile hakuna pete. Mtu anayesikia njaa na kuogopa kutapika huhamia huko taratibu, bila kukusudia. Hali nyama, hali mboga, anatapika mara nne kwa wiki, na bado mizani haishuki. Ndugu wanaona anakula kama ndege na hapungui, wanasema ana ulozi ama anakula usiku kwa siri.

Mara nyingi mtu huyo hakosi nidhamu. Pete yake imekazwa kupita kiasi. Na hapa aibu inaingia kazini. Kwa sababu anaogopa kuitwa mlafi, kila akienda kwa munganga anaomba akazwe tena, na hasemi habari ya kutapika, kwa kuwa akisema italegezwa. Anakohoa usiku, maji machungu yanapanda kooni, anavumilia. Pete iliyokazwa sana inaweza kuteleza kutoka mahali pake, na inaweza hata kula ukuta wa tumbo na kuingia ndani. Kutapika kwa wiki nyingi mfululizo kunamaliza vitamini B1 mwilini, na upungufu huo unaweza kuharibu ubongo na mishipa. Hayo ndiyo matunda ya swali la "operesheni ilikuwa ya nini". Wakati mwingine njia ya kupungua ni kulegeza pete kidogo, ili mtu aweze kutafuna chakula cha kweli, na munganga anayesikiliza analijua hilo.

Upande wa pili wa mchezo uko nyumbani Kivu, na hauna huruma zaidi. Kule unene bado ni cheti. Mwanamke aliyenona anaonyesha kwamba mume anamtunza, na aliyetoka Ulaya akiwa mwembamba anaulizwa kwa sauti ya chini kama ana ugonjwa. Mgonjwa mmoja huyohuyo anaweza kuchekwa Brussels kwa kutopungua na kuhurumiwa Goma kwa kupungua. Kukataa sahani ya pili kwa shangazi ni tusi. "Mama, utakufa, kula," anaambiwa, na mkono wa shangazi tayari umeongeza kijiko. Jibu la kweli, "nina pete", linahitaji ujasiri ambao si kila mtu anao mbele ya watu kumi na tano.

Wako watakaosema kwamba kuzungumza habari hizi katika ukurasa unaosomwa Rutshuru na Fizi ni dharau. Mwaka 2024 tathmini ya usalama wa chakula, inayofanywa na serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa, ilihesabu zaidi ya Wakongomani milioni 25 wenye njaa kali. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ugonjwa wa sukari na tansio haviulizi kama jirani amekula, na miji ya mashariki inavijua vyote viwili, njaa na unene, mara nyingine katika nyumba moja. Tena kuna kitu wanachokijua watu waliokimbia vita na hakimo katika vitabu vya wataalamu wa chakula: kwa aliyelala kambini bila kula, tumbo tupu si hisia ya kawaida. Linaleta woga. Kumwambia mtu wa namna hiyo avumilie njaa kidogo ni kumwomba kitu kikubwa kuliko anachoombwa jirani yake Mbelgiji, na timu inayomhudumia ingefaa kujua hilo kabla ya kuandika kwenye faili kwamba "hana ushirikiano".

Kuna hoja nyingine, nayo ni ya kweli: pete imezeeka. Marekani mwaka 2011 zaidi ya theluthi moja ya operesheni za kupunguza uzito zilikuwa za pete. Kufikia mwaka 2018 ilikuwa kama moja kwa mia. Ufaransa pia waganga wengi wameiacha kwa ajili ya operesheni za kukata tumbo, kwa sababu pete nyingi ziliishia kutolewa baada ya miaka. Anayeanza safari hii leo aulize sana kabla ya kukubali. Lakini walio nayo tayari hawawezi kuambiwa kwamba wamechelewa basi. Kwao swali ni la kufuatiliwa. Anayeonwa mara nyingi mwaka wa kwanza hupungua kuliko anayeonwa mara mbili. Hilo limeonekana tena na tena. Na kama miaka miwili imepita, pete imerekebishwa ipasavyo, chakula kimebadilika, na bado hakuna kitu, basi kuomba itolewe ama ibadilishwe kwa operesheni nyingine ni haki ya mgonjwa. Pete ilishindwa kazi, kama kiatu kisichomfaa mguu.

Linalobaki ni la safari. Watu wa ughaibuni wanarudi kwa matanga, kwa arusi, kwa kesi za mashamba, na wanakaa mwezi au miwili katika miji ambako ni vigumu kumpata munganga aliyewahi kulegeza pete. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa wakati vita vilipoingia mji huo mwezi wa kwanza 2025, na kutoka kwa haraka huko si jambo la kutegemea. Kipande cha nyama ya mbuzi kikinasa hapo na hata maji yakakataa kupita siku nzima, mtu yuko hatarini. Kwa hiyo anayekwenda kukaa muda mrefu amwone munganga wake wiki chache kabla, waamue pamoja kama pete ilegezwe kidogo kwa ajili ya safari. Kilo mbili zikirudi, zitatoka tena. Mwanamke aliyepata mimba afanye vilevile, kwa sababu pete inaweza kulegezwa mpaka ajifungue. Dawa za maumivu za aina ya ibuprofeni na diklofenaki, zinazouzwa kila kona kule, aziache, kwa kuwa zinachubua tumbo pale pete ilipo. Parasetamoli inatosha kwa mengi. Na abebe kadi inayoonyesha aina ya pete, kiasi cha maji kilichomo, na mahali kidude cha sindano kilipo. Kadi hiyo ikae pamoja na pasipoti, na nakala yake ishikwe na ndugu mmoja nyumbani ambaye ameelezwa habari zote za pete kabla ndege haijaondoka.